Mvisha Farasi Viatu Anunua Matairi

Pancha ya tatu tangu Januari.
Nimelala kwenye tope la barabara ya Tregaron,
mvua ya Wales inanidai kama mkopeshaji,
jeki inazama ardhini, na gari limekaa palepale
kama punda aliyesusa.

Kazi yangu mimi ni miguu. Miaka ishirini na sita
nawavisha farasi viatu vya chuma,
nainama chini ya matumbo yao, nabana ukwato kwa magoti,
na bonde zima linajua: Heulwen hakosei mguu.
Leo wanapita na trela zao za kondoo,
wananipungia mkono.
Wanacheka. Nawaona.

Dilwyn wa duka la matairi hakuinua hata kichwa.
"Haya hapa ya bei poa. Manne kwa bei ya mawili."
Nikaligeuza moja kwenye mwanga.
Kashata nene, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi,
lakini ubavu ukiubonyeza kwa gumba unaitika upesi mno.
Nikatafuta zile tarakimu nne zilizojificha karibu na rimu:
wiki ya kumi na moja, miaka sita iliyopita.
Halijakanyaga barabara, na limeshazeekea rafuni.

Ukwato nao huandika. Kila njaa, kila homa
huacha pete yake, na mimi nazisoma kwa kidole
huku mwenye farasi akiniapia kwamba hajawahi kuugua.

"Nipe la mzigo," nikasema. "La tabaka nane,
namba mia na ishirini na moja ubavuni,
lisilobabaika na kokoto."
Akataja bei.
Nikanyamaza, nikipiga hesabu:
farasi saba, miguu ishirini na minane,
na mmoja wao lazima atakuwa yule dume wa Bi Angharad, anayeng'ata.

Ndipo Dilwyn akalivingirisha tairi langu la zamani hadi miguuni pangu.
Hakusema neno.
Limekuwa kipara upande wa ndani, hadi nyuzi zinachungulia;
upande wa nje kashata zake ni nzima.

Mganga hajigangi.
Ni mara ngapi nimemwambia mwenye farasi
kwamba kiatu kikiliwa upande mmoja, usikilaumu kiatu,
mtazame mnyama anavyotembea?
Nami nilikuwa nimekuja kulaumu mpira.

Nikalipeleka gari kwenye mizani ya mnada wa kondoo.
Kilo mia moja na arobaini juu ya kibali.
Mwenye mizani akaniuliza kama nimebeba kanisa.
Nikafungua milango ya nyuma, mvua ikatazama nami:
tanuri na mitungi yake ya gesi,
masanduku ya viatu, misumari, tupa, nyundo,
ndoo mbili za vyuma chakavu ninavyosema nitaviuza,
mbwa,
fuawe.
Na fuawe nyingine.

Hiyo ya pili ni ya Meurig, mwenzangu wa zamani.
Alihamia Hispania kutafutia magoti yake jua,
akasema, nitunzie, mwakani naja kuichukua.
Miaka minane naizungusha milimani,
naishusha kila mteremko, naipandisha kila mlima,
nainunulia dizeli.

Nikayachukua yale ya ghali, yote manne,
na magurudumu yakanyooshwa yatazame mbele.
Fuawe nimemwachia Dilwyn, inazuia mlango wa duka usipigwe na upepo.
Meurig akija ataiona kabla ya kuniona mimi.

Jumatatu, kabla gari halijapata joto, nimepima upepo,
nikampa ufunguo mwanagenzi wangu, Ifan.
"Endesha polepole," nikamwambia, "mpaka kwenye geti."
Akauliza, kwani kuna nini?
Sikumjibu. Nilikuwa nimechuchumaa barabarani,
mikono magotini,
nikilitazama linavyotembea.