Matone Manane

Saa mbili usiku, Njombe, mwezi wa saba.
Nje umande unaganda juu ya majani ya viazi,
na mimi niliyeshinda maabara nikihesabu vijidudu katika damu za watu
nimekaa tena kwenye kigoda, bomba la sindano mkononi,
navuta mililita tano za bahari.

Bahari yenyewe ni lita sitini.
Inakaa kati ya kabati la vyombo na redio.
Chumvi yake ilipanda basi, kavu, ndani ya ndoo ya rangi;
maji ni ya mvua, ya bati letu, nimeyachuja mara tatu.
Siku ya kwanza mama mkwe alichovya kidole, akalamba, akasema:
"Mchuzi huu umeharibika."
Fundi Mgaya aliuliza wale samaki wawili wanatosha watu wangapi.

Tone. Tikisa. Tone. Tikisa.
Buluu, buluu, buluu,
na ghafla, tone la nane, njano ya ua la boga.
Nane. Naandika kwenye daftari
ambalo Enesia analiita kadi ya kliniki ya mawe.

Si mawe, namwambia. Ni mdomo uliojijengea nyumba.
Tumbawe huokota chokaa majini chembe kwa chembe,
kama mtu anayejenga kwa mshahara:
tofali tatu, kisha anasubiri mwisho wa mwezi.
Mimi ndiye ninayempelekea saruji.

Na maji yakipungua, usiongeze chumvi.
Kinachopaa ni maji. Chumvi haihami,
inabaki na kukolea, kama deni.

Wiki ile ya baridi tulifunga madirisha,
tukaziba nyufa za mlango kwa magunia,
tukaingiza jiko la mkaa sebuleni.
Tulizo akalala kwenye kochi, karibu na joto.
Na kila jioni pH ikashuka:
nane nukta mbili. Nane. Saba nukta saba.

Matone yalikuwa manane. Yaleyale manane.
Sikuyasikiliza.
Nilikoroga maji ya chokaa, nikadondosha, asubuhi nikaongeza.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Ndani ya tangi ikaanguka theluji
ambayo Njombe yenyewe haijawahi kunionyesha,
nyeupe juu ya hita, nyeupe juu ya pampu;
pampu ikakohoa, ikanyamaza,
na matumbawe yakakunja vidole vyote.

Tulizo aliamka akilia kichwa.
Kesho yake tena. Enesia akampa panado.
Siku ya tatu nilikuwa nimeshika kichupa,
nikatazama mkaa, mwekundu, mzuri, usio na moshi,
nikatazama magunia mlangoni,
na somo la kidato cha tatu likanirudia, limechelewa:
hewa ya mkaa huingia majini, huyachachusha,
wala haigusi hesabu ya matone.
Na nduguye, yule asiye na harufu,
sina kichupa cha kumpima.

Maji hayakuwa yanaumwa.
Yalikuwa yanapumua alichopumua mtoto.

Nilitoa jiko likiwaka, kiganja kikaungua.
Nikafungua dirisha; baridi ikaingia kama mdai.
"Kwa ajili ya samaki!" Enesia alifoka.
Sikuwa na pumzi ya kujibu.
Nilimbeba Tulizo na blanketi lake hadi barazani,
nikamtikisa kidogo, kama kichupa,
nikisubiri rangi ibadilike.

Alipiga chafya. Akauliza kwa nini tuko nje.

Sasa tunalala na soksi, mama mkwe na kofia juu.
Hita niliisugua kwa siki.
Matone ni manane, na pH imerudi juu ya nane.
Tumbawe moja halikurudi. Nililianika juani siku nne,
na ndilo tulilolitia dirishani,
upana wa ngumi, lisifunge.