Kidole Kimoja cha Mbao

Ameileta imeviringishwa ndani ya kalenda ya benki,
nakala ya mchoro wa kale, imechubuka kwenye mikunjo.
Akaitandaza juu ya meza yangu hapa Ngara,
akazibana pembe kwa kopo la vanishi, nyundo, tepu
na kiganja chake.

"Fremu nyeusi," akasema. "Na giza hili la kushoto, lifunike."

Mimi hufunga picha za harusi, vyeti, marehemu.
Miungu ya Wayunani sikufundishwa.
Lakini macho hayatozwi karo, nikatazama:
msichana kitini, kiti kimempwaya kama gauni la kuazima;
nyuma yake mfalme wa kuzimu, nusu uso, nusu moshi wa taa;
na mkononi mwa msichana, komamanga lililopasuliwa.

"Ana huzuni," akasema Bi. Nekesa.
Nikamwambia, tazama miguu.
Anayetaka kutoroka, vidole vyake huelekea mlangoni.
Huyu amevikunja chini ya pindo,
kama mtu aliyekwisha kuizoea baridi ya sakafu.
Na midomo ile haikufumbwa kwa kilio.
Imefumbia utamu asiotaka uonekane.

"Basi hilo ndilo baya zaidi," akasema, akavaa miwani.

Amefundisha hesabu miaka ishirini, hawezi kujizuia.
Tukahesabu vitundu vitupu kwenye tunda:
mimi saba, yeye sita.
Tukarudia. Sita, na kivuli cha ukucha.
"Kila punje aliyokula ni mwezi wa kukaa kule," akaniambia.
"Wangu alitia sahihi miaka miwili. Dammam.
Siku hizi sauti yake kwenye simu imenenepa,
anacheka na watu nisiowajua, kwa Kiarabu.
Nifurahi, au nifanyeje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na rula.
Nikaisogeza taa nipime giza alilotaka lifunikwe,
likajitokeza umbo, dogo kuliko msumari:
mwanamke ameinama, mashuke makavu mapajani,
amepakwa rangi ileile ya udongo
ili asiyemtafuta asimwone.

Bi. Nekesa aliondoa kiganja.
Pembe ikajikunja, ikamfunika yule mama.
Akairudisha upesi.

Nikafuta vipimo vya kwanza kwa mate na kidole gumba,
nikapima upya, mbao ndefu zaidi kwa kidole kimoja.
Tofauti ya bei sikuitaja.

"Ijumaa?"
"Ijumaa. Pita kabla ya saa kumi."