Tafadhali

Mwaka wangu wa kwanza Omdurman nilisema neno hili kila siku,
na kila siku nikalikosea.

Dukani kwa Abdelbagi nilinyoosha mkono:
tafadhali, sukari nusu kilo.
Akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiona.
Maana kule neno hilo ni la anayetoa:
pita, keti, kula, chukua.
Mimi niliyekuja kununua
nilikuwa namkaribisha kwenye sukari yake mwenyewe.

Nilimsifu mwalimu wa sarufi, nikamwambia somo lake ni rahisi.
Alininunia wiki nzima. Kwao rahisi ni kitu cha bei ya chini.
Nikaambiwa mtihani ni saa mbili. Nikafika saa mbili, yetu,
jua halijapata makali, nikakaa ngazini saa sita
na mbuzi wa jirani, akila ukingo wa daftari langu.

Hajati Ihsan, mwenye nyumba, alicheka mpaka mtandio ukamtoka.
Akaniketisha jikoni, akaninyooshea bilauri.
Tafadhali. Nikapokea.
Sasa wewe.
Nikamnyooshea, nikasema,
na kwa mara ya kwanza nikawa na kitu cha kutoa
katika nchi ya watu:
chai yake.

*

Sasa ni Kilimani, ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu Pasaka.
Chumba cha mwanangu ni chake.
Njia aliyoijia sitaisimulia; yeye mwenyewe hajaisimulia.
Sanduku moja, birika la kahawa la udongo,
na ufunguo wa lango la bluu ambao nami nilikuwa na pacha wake.

Julai imemwingia mifupani.
Anavaa soksi mbili mbili na sweta ya shule yenye nembo ya simba.
Alikwenda Shauri Moyo kupanga foleni ya karatasi,
akarudi akiniuliza ni nani
aliyeipa ofisi jina zuri namna ile.

Jumanne na Alhamisi anasoma Kiswahili ukumbini mwa kanisa,
yeye, Mkorea mmoja, na wasichana wawili wa Asmara.
Anarudi na hasira za mwanafunzi:
mmeyachukua maneno yetu mkayageuza kola!
Moja mpaka tano zimemkataa. Nane imemkataa.
Lakini sita, saba na tisa alizikuta zimeketi zikimngoja,
basi Toi hununua vitu sita sita:
nyanya sita, mikate sita, mafagio sita.
Yamejaa nyuma ya mlango.

*

Leo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati,
nimemwona kutoka dirishani akitoka chini na sinia.
Chai ya mdalasini, kikombe kimoja.
Musyoki wa getini amelinda usiku kucha, kofia imemfika nyusi.
Hajati akamsimamia mbele:
Tafadhali.

Musyoki akainuka, akapapasa mifuko.
Mama, unataka nini?
Tafadhali.
Teksi? Maji yamekatika?
Tafadhali, na sinia ikasogea mpaka kifuani.

Ningeweza kupaza sauti. Pande zote mbili za neno hili nimezikalia.
Sijui kwa nini nilinyamaza na kitana kichwani.

Musyoki akakishika kile kikombe
kama unavyomshikia mtu mzigo afunge kamba ya kiatu,
akangoja afunge.
Mvuke ukapungua.
Kwa haya akamvutia kiti cha plastiki: karibu.
Kwao karibu ni kipimo tu, si mbali.
Hajati akakitazama kiti,
akasogea hatua moja mbele, akabaki wima.
Hapo Musyoki akanywa.

Jioni amekirudisha kikombe kimeoshwa,
ndani mna sarafu ya shilingi ishirini.
Nikaanza kueleza, nikaacha.
Hajati aliigeuza kwenye mwanga wa jikoni, akaisoma kwa sauti:
ishirini.
Hiyo aliijua.