Daftari la Februari

Nyimbo mpya kumi na moja mwezi huu.
Nimezihesabu hapa, chini ya ardhi,
katika chumba cha kufulia cha hospitali ya Oulu,
redio ikiwa juu ya rafu ya sabuni,
kitufe chake kimebandikwa plasta
ili Raili asinihamishie stesheni.

Naanza na ulionishika.
Saa kumi na dakika kumi alfajiri,
nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
msichana wa Inari, Aila-Maret,
akaimba Kisami, lugha nisiyoijua hata salamu yake.
Hakuna ngoma. Hakuna gitaa.
Sauti, na kitu kama kijiko
kinachogonga kikombe, halafu kinasahau kugonga.
Nikazima mashine ya kukamua.
Raili akauliza, imeharibika?
Nikamwambia, subiri.
Tukasubiri, mashuka yakidondosha maji
juu ya viatu vyetu vya mpira.
Kuna neno alilirudia mara tano.
Nimeliandika nilivyolisikia, huenda nimekosea,
na sitaki kulitafutia maana.

Wa pili: kwaya ya wazee wa Kemi
waliofungiwa kiwanda cha karatasi.
Mmoja wao huwahi kila kiitikio,
kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.
Alama nane. Ningewapa tisa,
ila kinanda kiliingia bila kualikwa.

Sasa mabaya.
Kijana wa Helsinki, anayejiita kwa herufi mbili,
sauti imepigwa pasi na kompyuta
hadi haina kunjo hata moja.
Mimi na pasi tunajuana miaka thelathini na mmoja:
shuka lisilo na kunjo
ni shuka ambalo hakuna aliyelilalia.
Unapigwa mara kumi na nne kwa siku.
Kizuri chajiuza;
hiki kimetembezwa mpaka soli zimekwisha.

Halafu ule wa mapenzi na mvua ya Julai.
Februari! Sikuumaliza.

Sita nyingine zimepita kama mvuke.
Moja ilikuwa na tarumbeta.

Umebaki mmoja,
mstari wa chini kabisa, kwa penseli.
Taisto, kaka yangu, na kodiani yake.
Miaka kumi na tisa ameutunga kwenye meza ya jikoni,
akauza pikipiki ya theluji apate kulipa studio,
na Jumatano, baada ya taarifa ya habari, wakaupiga.
Jamani, ni mbaya.
Kodiani inamburura mpiga ngoma
kama mbwa aliyegoma kutembea.
Kiitikio kinarudi kabla hakijaondoka.
Ametia mto, ametia mama, ametia nyota,
ametia kila kitu isipokuwa Taisto.

Usiku akanipigia. Kaisu, umesikia?
Nikasema mashine zilikuwa zinapiga kelele.
Akasema, hapana neno, watarudia Jumamosi.

Damu nzito kuliko maji, husema watu
ambao hawajawahi kuifua.
Damu hutoka kwa maji baridi.
Ukiionea huruma, ukaimwagia ya moto,
inang'ang'ania kitambaa maisha.
Hili nalijua.
Nililijua hata simu ikiwa sikioni.

Jumamosi nikasikiliza tena,
nimepanda kreti, sikio kwenye spika.
Ubeti wa pili, kabla ya neno "nyumbani",
anavuta pumzi.
Fundi wa studio alisahau kuifuta.
Ni pumzi ileile ya kitanda cha juu,
nyumba yetu ya Haapajärvi, taa zimezimwa,
alipokuwa akijiandaa kunitisha
na mimi nikijiandaa kutishika.
Nusu sekunde.
Kisha akaanza kuimba, akaiharibu.

Nimempa mbili.
Raili anasema mpe hata tano, kaka yako huyo.
Nimechonga penseli, nimefikiri,
nimekunywa kahawa nikafikiri tena.
Bado ni mbili.
Ile pumzi nimeiandika pembeni, bila alama.

Mashuka ya wodi ya saba yameshuka.
Simu inaita, jina lake linamulika juu ya rafu.
Nafungulia maji, ya baridi,
nakausha mkono mmoja.