Mgeni wa Wiki Nne

Naendesha tramu namba tano, mjini Sofia.
Abiria wanahesabu vituo;
mimi nahesabu vyoo.
Cha mahakamani kina kufuli, ufunguo anao muuza magazeti.
Cha sokoni kinataka sarafu.
Cha mwisho wa reli, chini ya mlima Vitosha,
hicho ni chetu madereva: kina hita, kina karatasi,
na kioo kinachoujua uso wangu kuliko mume wangu.

Miaka sita sasa tumbo langu lina serikali yake.
Jumatatu linatoa amri tatu kabla hakujapambazuka.
Alhamisi linafunga mipaka,
hapiti mtu, ila upepo tu, na huo hauombi ruhusa,
nami nasingizia breki.

Daktari Penev alipima damu, akapima choo,
akapitisha kamera pasipofika jua,
akasema: "Hakuna kidonda, hakuna uvimbe.
Utumbo wako una hasira tu."
Tu!
Kana kwamba hasira haijapata kubomoa nyumba.

Basi nikasimama mbele ya rafu ya probayotiki.
Kopo la bilioni tano, kopo la bilioni hamsini,
majina ya Kilatini marefu kama treni ya mizigo,
vijidudu vya kulala kwenye friji, vijidudu vya kutembea mkobani,
na kisanduku chenye picha ya mwanamke
anacheka, kajishika tumbo.
Nani hucheka hivyo akijishika tumbo?

Nikachukua la bei kubwa.
Mfamasia, Bi Rumyana, akaweka kidole juu ya kifuniko.
"Unaharisha au unafunga choo?"
Foleni nzima ikatega sikio.
"Vyote," nikasema, "kwa zamu."
"Na kinachokutesa zaidi?"
Hilo sijawahi kuulizwa.
Nikafikiri. Si maumivu. Ni ile haraka,
ile dakika moja na nusu
kati ya habari na aibu.

Akazirudisha bilioni hamsini mahali pake.
"Wingi si dawa. Soma jina la kwanza, la pili,
kisha hizi herufi za mkiani:
ndugu wa tumbo moja, tabia mbalimbali.
Chukua mmoja. Usichanganye, hutajua nani kafanya nini.
Mpe wiki nne, na uandike.
Asipokufaa, mfungulie mlango, jaribu mwingine au acha.
Siahidi kitu. Wapo wanaopata nafuu,
wapo wanaopoteza pesa."

Mama mkwe, Stoyanka, aliliona kopo mezani akaguna:
"Tumelelewa kwa mtindi, wewe unanunua wadudu dukani?"
Akanipakulia bakuli la kwake, zito, la maziwa ya kondoo.
Nililimaliza kwa mapenzi.
Tumbo halijui mapenzi.

Daftari:
Siku ya tatu. Gesi. Sketi haifungi.
Siku ya tisa. Mara nne. Nimechelewesha tramu dakika sita,
nimeandika ripoti: hitilafu ya umeme.
Siku ya kumi na mbili. Nimelitupa kopo.
Siku hiyohiyo, usiku. Nimeliokota.
Siku ya kumi na saba. Mara moja, umbo zuri.
Nimeinama kulitazama kama mtu anayesoma barua.
Siku ya kumi na nane.

(Hapo pako wazi. Nilisahau kuandika.
Nilisahau kwamba nina tumbo.)

Siku ya ishirini na tatu. Mara tatu, bila sababu. Nimelia kidogo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Apone kiasi gani, hawakusema.
Namwekea huyu mgeni wangu shayiri asubuhi,
namfichia vitunguu,
na siku ya tatu ilishapita zamani, jembe analo,
analima polepole, gizani, mahali ambapo simwoni,
pengine analima yeye, pengine ni mimi niliyepunguza kahawa.

Leo nimepita kituo cha sokoni.
Sarafu nilishaishika, kama kawaida.
Milango ikafunguka, ikafungwa,
bibi mmoja akapanda na kabichi mbili,
nikaondoa tramu.
Ilibaki kiganjani hadi mwisho wa reli, imelowa jasho.

Kesho sijui.
Nimenunua kopo la pili. Dogo.