Nyuzi Thelathini na Saba

Gego lako, shangazi Thuwaiba, lilifika Al-Khoudh
ndani ya kichupa, saa nne asubuhi,
nikalipokea kwa glavu, na bismillahi.
Nikakwangua katikati ya mzizi, si juu, si ncha,
pale penye utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu,
nikazipata seli zako.

Watu hudhani jino limepigiliwa kama msumari.
La. Halijagusana na mfupa hata siku moja.
Linaning'inia kwenye nyuzi, elfu kwa elfu,
ndiyo maana ukiuma kokwa ya tende
linanesa kidogo, linakwambia taratibu
kabla taya halijajua.

Na nyuzi zina mafundi:
seli ndefu, zimechongoka huku na huku kama sindano,
zinasokota kolajeni tatu kwa tatu,
halafu (hapa ndipo ulipoacha kushona)
zinazila zile kuukuu, zilizochoka,
zisokote nyingine. Usiku na mchana. Tangu ulipoota meno.
"Kumbe na wao wanafumua," ukasema,
ukanionyesha kofia ya Mundhir,
safu ya tatu umeifumua mara mbili
kwa sababu ua limekwenda kombo.

Kabati la maabara lina joto la nyuzi thelathini na saba.
Nje ni Julai, arubaini na sita.
Nawapa sukari kidogo, wewe umekatazwa.
Nawapa vitamini C, bila hiyo uzi haukazi,
unatoka mlegevu, unakatika wenyewe.
Na wewe, unayekamulia ndimu mpaka chai,
ukaniuliza gego lilikosa nini.

Jibu nilikuwa nalo.
Kisukari. Fizi zilizovimba miaka na miaka,
damu ya mswaki uliyoiita "kidogo tu".
Kufumua kukazidi kusokota.
Nikasema: umri, shangazi.

Siku ya tisa nikakutumia picha ya hadubini.
Zimejipanga, mstari ubavuni mwa mstari,
sahani nzima imekuwa mkeka.
Ukapiga simu papo hapo.
"Zimeshika nini?"
Hazijashika kitu. Chini ni plastiki.
"Zinajua kama jino halipo?"

Miaka minne ya chuo, na hilo hatukufundishwa.
Nikasikia nyuma yako mjukuu anafungua mlango,
ukamkaripia kwa Kiswahili cha Ng'ambo,
cha mtaa uliouacha una miaka kumi na moja,
kila neno mahali pake, halijalegea;
yeye akakujibu kwa Kiarabu, akatoka.

Tukanyamaza kidogo, mimi na wewe na mlio wa kipoza hewa.

"Basi usiwanyime ndimu," ukasema,
ukakata simu.