Giza la Kuuza

Miaka kumi na tisa tuliomba taa.
Barua arobaini na moja kwenda La Paz:
idadi naijua, mwandishi nilikuwa mimi,
na aliyezibeba kifuani, siku nzima ndani ya basi,
ni Primitiva Ayaviri.
Mwaka jana nguzo ikasimama mbele ya kanisa.
Tulicheza hadi mbwa wakachoka kubweka.

Sasa Rufo, mpwa wake, karudi na darubini ya mtumba,
mguu mmoja umefungwa waya.
Wageni watalipa kuona nyota, asema,
ila taa lazima izimwe.

Mkutano ulivunjika mara mbili.
"Giza?" akauliza Celso wa dukani.
"Tumelala nalo bure tangu tuzaliwe,
nani atalinunua?"
Tukapiga kura: kumi na saba kwa kumi na sita.
Primitiva hakunyoosha mkono popote.

Kundi la kwanza lilifika mwezi mpevu.
Hakuna aliyekuwa ametazama kalenda.
Watu sita, anga jeupe kama unga wa viazi.
Tuliwapa supu, tukawarudishia nusu ya pesa.
Daftarini niliandika: hasara, boliviano mia mbili na kumi.
Sababu: mwezi.

La pili, Juni, baridi ya kupasua ndoo.
Swichi ikagoma.
Taa ikawaka tu, kaidi,
Rufo akaipiga nguzo teke, akaumia yeye.
Ndipo Primitiva akaja na ngazi,
akapanda na sketi zake tatu,
akaifunika taa kwa blanketi la kitanda chake,
akakaza kamba taratibu,
kama amfunikaye mtoto aliyeshukwa na homa.

Anga likashuka.
Sijui niseme vipi. Likashuka hadi kwenye mapaa.
Mgeni mmoja alitamka neno la kwao, akanyamaza.

Rufo akaanza: ile nyota, na ile pale...
"Acha nyota," sauti ikatoka juu ya ngazi.
"Waoneshe weusi ulio katikati.
Shingo ile. Mgongo ule. Ni lama.
Hizo nyota zako mbili ni macho yake tu.
Na chini ya tumbo, tazameni vizuri,
mwanawe ananyonya."

Rufo aliishusha darubini.
Kitabuni mwake lama hayumo.

Asubuhi niliandika: mapato, mia sita na arobaini.
Matumizi: blanketi moja, limeungua ukingoni.
Primitiva anadai lingine,
jipya, zito,
na liwe jeusi.